Aida Overton Walker: Mwanamke wa Jukwaani Aliyedai Heshima

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuitazama tamthilia kama kitabu. Tunawauliza wanafunzi wetu habari za dhamira, za wahusika na za mandhari, kisha tunalifunga somo. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba tamthilia, kabla haijawa kitabu, ni watu waliosimama mbele ya watu wenzao. Na kwamba watu hao walikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa, na maradhi ya kuuguza, na jina la kulinda. Katika makala haya tumekusudia kusimulia maisha ya mmoja wa watu hao, mwanamke aliyeishi miaka 34 tu, na ambaye kwa muda wa miaka isiyozidi 20 alicheza, aliimba, aliigiza na kuwafundisha wengine katika michezo ya kuigiza yenye nyimbo huko Marekani na Uingereza. Jina lake ni Aida Overton Walker.

Msomaji ataweza kuuliza: kuna haja gani kwa walimu wa Kiswahili kujishughulisha na mwigizaji wa New York? Tunajibu kwamba haja zipo mbili. Kwanza, michezo miwili iliyomtia katika umaarufu ilibeba majina ya nchi za Afrika, nao waliocheza walikuwa wajukuu na vitukuu vya Waafrika waliouzwa utumwani. Kwa hiyo historia yake ni sehemu ya historia ya jinsi Afrika ilivyosimuliwa na watu wa damu yake walioko ng'ambo. Pili, swali alilopambana nalo maisha yake yote, yaani kama mwanamke anaweza kupanda jukwaani na bado akahesabiwa kuwa mtu wa heshima, si swali geni kwetu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja yapata mwaka ule ule wa 1880, alilijua swali hilo vizuri, na kila aliyesoma wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert analijua pia.

Hali ya jukwaa wakati ule

Ili tumwelewe Aida hatuna budi kwanza kuuelewa mlango aliouingilia. Tangu miaka ya 1830 na kuendelea, waigizaji Wazungu wa Marekani walikuwa na desturi ya kujipaka nyuso zao masizi ya kizibo kilichounguzwa, wakavaa matambara, wakaiga usemi na ngoma za watumwa, na kuwachekesha Wazungu wenzao. Mtu mweusi katika michezo hiyo alikuwa mvivu, mwizi wa kuku, mlevi na mpumbavu. Michezo hii ilipendwa mno, ikaenea Marekani nzima na kuvuka bahari mpaka Uingereza.

Utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, Wamarekani Weusi wenyewe walianza kupata nafasi jukwaani. Lakini watazamaji walikwisha fundishwa mtu mweusi anafananaje, nao hawakuwa tayari kufundishwa upya. Basi likatokea jambo la ajabu: mtu mweusi akajipaka weusi ili aonekane mweusi. Bert Williams, mzaliwa wa visiwa vya Bahama na mmoja wa wachekeshaji hodari kabisa wa zama zake, alijipaka masizi hayo kwa muda mrefu wa kazi yake. Mwenzake, George Walker wa Kansas, hakujipaka. Yeye alivaa suti za fahari na kuigiza mjanja wa mjini. Wawili hao walikutana San Francisco mwaka 1893.

Kuna kisa cha mwaka 1894 ambacho George Walker mwenyewe alikisimulia baadaye, nacho kinatufaa sana. Huko San Francisco palifanyika maonyesho makubwa, na miongoni mwa vitu vilivyoahidiwa ni kijiji cha watu wa Dahomey. Watu hao walichelewa kufika. Wenye maonyesho wakawaajiri Wamarekani Weusi, Williams na Walker wakiwamo, wajifanye Wadahomey mpaka wenyewe watakapowasili. Wadahomey wa kweli walipofika, wale wa bandia waliachishwa kazi. Lakini Williams na Walker walirudi kuwatazama, na Walker akasema kwamba tangu siku hizo waliazimia, wakipata nafasi, kuiingiza Afrika katika michezo yao. Basi Afrika yao ilianza kwa kujifanya Waafrika, na ikaendelea kwa kuwatazama Waafrika. Jambo hili tuliweke akilini.

Jambo la tatu katika hali ya jukwaa ni ngoma. Ngoma iliyovuma wakati huo ni ile iliyoitwa mwendo wa keki, kwa kuwa washindi walitunzwa keki. Chimbuko lake ni katika mashamba makubwa ya kusini, ambako watumwa waliiga madaha ya mabwana na mabibi zao: kifua mbele, kichwa nyuma, magoti yakinyanyuliwa juu, bibi akishika pindo la gauni. Mabwana walicheka na kufurahi, bila kutambua kuwa wanaochekwa ni wao. Baadaye Wazungu wenyewe wakajifunza ngoma hiyo na kuicheza katika majumba yao. Wasomaji wetu wa pwani hawatakosa kuikumbuka ngoma ya beni, iliyoiga bendi na gwaride la askari wa kizungu, pamoja na vyeo vyao na mavazi yao, ikatoka pwani na vyama vyake vya Marini na Arinoti na kuenea bara mpaka nchi za jirani. Hatusemi kwamba ngoma moja ilizaa nyingine. Tunasema tu kwamba mnyonge, popote alipo, hupenda kumjaribu mwenye nguvu kwa njia ya kumwiga.

Msichana wa New York

Aida alizaliwa mwaka 1880 na kukulia katika jiji la New York. Jina lake la utotoni lilikuwa Ada. Aida alilitwaa baadaye. Wanaojua muziki wa Ulaya watakumbuka kwamba katika opera mashuhuri ya Verdi, iliyochezwa mara ya kwanza Cairo mwaka 1871, Aida ni binti mfalme wa Uhabeshi.

Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano au zaidi kidogo alijiunga na kundi la Sissieretta Jones akiwa miongoni mwa waitikiaji. Bibi Jones alikuwa na sauti ya kuimba opera isiyo na mfano, lakini majumba ya opera ya Marekani yalimfungia milango kwa sababu ya rangi yake. Akawa na kundi lake mwenyewe, ambalo onyesho lake lilianza kwa vichekesho na ngoma na kumalizikia kwa yeye kuimba vipande vya opera. Hilo lilikuwa somo la kwanza la Ada: kwamba sanaa ya juu kwa mtu mweusi iliweza kuonekana, lakini sharti ipitishwe katikati ya vichekesho.

Karibu na mwaka 1898 kampuni moja ya tumbaku ilitaka picha za ngoma ya mwendo wa keki kwa ajili ya matangazo. Williams na Walker waliitwa, wakatafutwa na wasichana wawili wa kucheza nao. Mmoja wao alikuwa Ada. Kutoka hapo alijiunga na kundi lao. Mwezi wa Juni 1899 yeye na George Walker walifunga ndoa.

Furaha hiyo haikukaa muda mrefu bila kutiwa doa. Mwezi wa Agosti 1900 zilizuka fujo katika jiji la New York. Makundi ya Wazungu yaliwashambulia watu weusi mitaani, na waigizaji weusi mashuhuri walitafutwa kwa majina. Miongoni mwa majina yaliyopigiwa kelele ni Williams na Walker. George Walker alikamatwa na kundi hilo, akapona kwa shida. Tunalitaja jambo hili ili msomaji asidhani kuwa makofi ya usiku yalikuwa ngao ya mchana. Watu wale wale walioweza kulipa kiingilio kumtazama mtu mweusi waliweza pia kumwinda barabarani.

Katika mchezo wa mwaka 1900 ulioitwa Sons of Ham, Aida alianza kujulikana kwa jina lake mwenyewe, wala si kama mke wa Walker tu. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini alijua kuutamka wimbo hata kila neno likafika. Na katika ngoma watu walikubali kwamba hana mpinzani. Zaidi ya hayo, ndiye aliyezitunga na kuzipanga ngoma za kundi na kuwafundisha wachezaji wengine. Kazi ya namna hiyo, ambayo watazamaji hawaioni kwa macho, ndiyo mara nyingi inayosahauliwa historia inapoandikwa.

Dahomey jukwaani London

Tarehe 18 Februari 1903 mchezo uitwao In Dahomey ulifunguliwa katika New York Theatre, barabara ya Broadway. Muziki ulitungwa na Will Marion Cook, maneno ya nyimbo na mshairi Paul Laurence Dunbar, na mazungumzo na Jesse Shipp. Wote walikuwa watu weusi, kama walivyokuwa wachezaji. Ulikuwa ndio mchezo mkubwa wa kwanza wa namna hiyo, ulioandikwa na kuchezwa na watu weusi, kupata jumba kubwa katika Broadway. Kabla ya siku ya ufunguzi kulikuwa na uvumi kwamba damu itamwagika. Haikumwagika. Watazamaji weusi walikalishwa roshani za juu, Wazungu chini, na wote wakacheka. Mchezo ulichezwa mara 53.

Hadithi yenyewe ni ya mzaha. Matapeli wa mji wa Boston wanaanzisha chama cha kuwahamisha Wamarekani Weusi wakaishi Dahomey. Wapelelezi wawili wasio na maarifa, yaani Williams na Walker, wanaajiriwa kutafuta kisanduku cha fedha kilichopotea, nao wanajikuta Florida nyumbani kwa mzee mmoja tajiri. Aida aliigiza kama Rosetta, binti wa nyumba hiyo, msichana mwenye shauku ya makuu. Mandhari ya Dahomey yenyewe huchukua sehemu ndogo tu. Kinachochekwa hasa si Afrika, bali ni wale wafanyao biashara kwa kutumia hamu ya watu weusi ya kurejea Afrika. Na hamu hiyo ilikuwa ya kweli, kwani tangu mwaka 1822 Wamarekani Weusi walikuwa wakipelekwa Liberia kwa njia ya chama cha uhamisho kilichoongozwa na Wazungu.

Mwezi wa Mei 1903 kundi lote lilivuka bahari, na tarehe 16 ya mwezi huo mchezo ukafunguliwa katika Shaftesbury Theatre, London. Huko ulikaa muda wa miezi saba hivi, kisha ukazungushwa katika miji mingine ya Uingereza. Tarehe 23 Juni 1903 waliitwa kuucheza katika bustani ya kasri ya Buckingham, mbele ya Mfalme Edward wa Saba na jamaa zake, katika sikukuu ya kuzaliwa ya mjukuu wake Edward, aliyetimiza miaka tisa. Mandhari na vifaa vya jukwaa vilihamishwa kutoka jumba la michezo mpaka kasri. Baada ya siku hiyo, mabibi wakubwa wa London walimtaka Aida awafundishe mwendo wa keki, na aliporudi New York mabibi wa huko nao wakafanya vivyo hivyo. Mjukuu wa watumwa akawa mwalimu wa mabibi, akiwafundisha ngoma iliyotungwa kwa kuwacheka mabibi.

Hapa tunaomba tusimame kidogo. Mwaka huo wa 1903 Dahomey ya kweli ilikuwa mikononi mwa Wafaransa, waliokwisha ishinda katika vita vya miaka ya 1892 hadi 1894. Mfalme wake, Béhanzin, alikuwa kifungoni Martinique, mbali na kwao, na hakurudi tena akiwa hai. Alifariki Algeria mwaka 1906. Reli iliyoanzia Mombasa ilikwisha fika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, na serikali ya mfalme huyo huyo aliyecheka bustanini ilikuwa ikijitandaza Kenya na Uganda. Je, waliocheza siku ile walijua habari za Béhanzin? Habari za vita vyake zilikwisha enea katika magazeti ya Ulaya na Marekani. Lakini jina Dahomey lilipofika jukwaani lilikuwa limekwisha geuka kuwa jina la mbali, la kuchekeshea. Nchi hiyo ilidumu kuitwa Dahomey mpaka mwaka 1975, ilipotwaa jina la Benin. Na tangu hapo wapo wanafunzi ambao hawataliona jina la kale isipokuwa katika vitabu vya historia, na katika orodha ya michezo ya kuigiza ya Marekani.

Kauli yake mwenyewe

Aida hakuwa mtu wa kucheza tu na kunyamaza. Mwezi wa Oktoba 1905 aliandika makala katika jarida la Colored American Magazine kuhusu watu weusi, wanaume na wanawake, katika kazi ya jukwaa. Wakati huo Wamarekani Weusi wenye elimu na nafasi, hasa watu wa makanisa, waliidharau kazi hiyo na kuiona njia ya kumpotezea msichana heshima. Aida aliwajibu bila matusi. Alidai kwamba kazi ya jukwaa inafanya zaidi ya kazi nyingine yoyote ya watu weusi katika kuipunguza chuki ya rangi, kwa kuwa ndiyo inayowakutanisha Wazungu na vipaji vya watu weusi ana kwa ana. Aliwataka wasichana wanaoingia katika kazi hiyo wajifunze kwa bidii na wajilinde, na aliwataka wenye heshima zao wasiwatupe.

Mahali pengine alilalamikia jambo ambalo leo huenda likaonekana dogo, lakini si dogo. Alisema kwamba kundi la watu weusi lilipaswa kufikiri mara elfu kabla ya kila hatua, kwa sababu ni rahisi mno kuwaudhi watazamaji Wazungu. Na akatoa mfano wa mapenzi. Mwanamume na mwanamke weusi hawakuruhusiwa na desturi ya jukwaa kuonyesha mapenzi ya dhati. Waliweza kuonyesha mapenzi ya kuchekesha, ya kugombana na kuanguka. Lakini mapenzi ya watu wawili wanaopendana kwa upole na adabu, hayo watazamaji hawakuyataka. Sisi tunaofundisha fasihi tuyapime maneno haya. Kumnyima mhusika mapenzi ya dhati ni kumnyima utu. Aida alilitambua jambo hilo kwa uzoefu wa kazi yake, bila ya kuhitaji nadharia.

Mwezi wa Februari 1906 kundi lao lilifungua mchezo mwingine wa Kiafrika, Abyssinia, katika Majestic Theatre, New York. Safari hii Afrika haikuwa mzaha peke yake. Miaka kumi tu kabla ya hapo, tarehe 1 Machi 1896, majeshi ya Menelik wa Pili yaliwashinda Waitalia katika vita vya Adwa, na habari hiyo ilikuwa imewapa watu weusi wa Marekani sababu ya kuinua vichwa. Katika mchezo huo kundi la Wamarekani Weusi, mmoja wao akiwa ameshinda bahati nasibu, linasafiri mpaka Uhabeshi na kuingia matatani na sheria za huko. Menelik anaonyeshwa kama mfalme kamili. Na jambo la kuangaliwa na walimu wa lugha ni hili: Wahabeshi wanasema Kiingereza sanifu chenye fahari, ilhali wageni wa Kimarekani ndio wanaosema lahaja ya kuchekesha. Kwa uamuzi huo mmoja wa lugha, watungaji waliipindua desturi ya miaka mingi, kwani mara hii aliyechekwa hakuwa Mwafrika. Mchezo haukupata fedha kama ule wa kwanza, ukachezwa mara 31 tu katika jumba hilo. Ulikuwa na gharama kubwa, hata ngamia hai walipandishwa jukwaani.

Salome, na suti ya mumewe

Mchezo wa mwisho wa kundi hilo ulikuwa Bandanna Land, uliofunguliwa mwezi wa Februari 1908. Mwaka huo wachezaji wa kike wa Ulaya na Marekani walikuwa wameshikwa na homa ya kucheza ngoma ya Salome, binti wa Herodia aliyedai kichwa cha Yohana Mbatizaji. Wengi waliicheza kwa mavazi haba na kwa kutamanisha. Aida naye aliamua kuicheza. Kwa mwanamke mweusi hilo lilikuwa jambo la hatari, kwa sababu watazamaji walikwisha fundishwa kumtazama mwanamke mweusi kama mtu asiye na haya. Yeye alivaa mavazi ya heshima zaidi kuliko wenzake, akaitilia ngoma uzito wa maigizo badala ya mvuto wa mwili. Lakini hata hapo hakuachiwa nafasi yake kamili: katika onyesho lile lile Bert Williams alitokea na kuiigiza Salome kwa mzaha. Mwenye jumba na mtazamaji walitaka kicheko, na kicheko kililetwa.

Mwaka huo huo wa 1908 alitumia jina lake kuandaa onyesho la kuchangisha fedha kwa ajili ya makao ya White Rose, yaliyowahifadhi wasichana weusi waliofika New York kutafuta kazi. Wasichana hao walishuka melini hawamjui mtu, nao walinaswa kwa urahisi na wenye nia mbaya. Mwanamke wa jukwaani aliyeambiwa kwamba kazi yake inaharibu wasichana ndiye aliyewachangia nyumba ya kuwalinda.

Kisha maradhi yakaingia. George Walker alianza kushindwa kukumbuka maneno na kuyatamka, na mapema mwaka 1909 akalazimika kuacha jukwaa. Mchezo ulikuwa bado una mikataba, na wachezaji wengi walitegemea mishahara yake. Aida akavaa suti ya mumewe, kofia yake na fimbo yake, akatoka jukwaani na kuuimba wimbo wake kama alivyouimba yeye. Watazamaji walimshangilia sana. Hatuwezi kujua alikuwa na nini moyoni usiku ule. Lakini mtu aliyepata kuuguza jamaa yake na wakati huo huo kwenda kazini hatahitaji kuelezwa mengi. George Walker alifariki mwezi wa Januari 1911. Bert Williams alikwisha ajiriwa mwaka 1910 katika maonyesho makubwa ya Wazungu ya Ziegfeld. Kundi likawa limekwisha.

Aida hakustaafu. Alicheza katika The Red Moon, mchezo wa Bob Cole na ndugu wawili wa ukoo wa Johnson. Halafu katika His Honor the Barber pamoja na S. H. Dudley, halafu akaingia katika maonyesho ya mchanganyiko, ambako kila msanii hupewa dakika zake chache baina ya mchezaji mazingaombwe na mwenye mbwa waliofunzwa. Mwezi wa Agosti 1912 aliicheza tena Salome katika jumba la Victoria la Hammerstein, New York, safari hii akiwa peke yake, bila mzaha wa mtu wa kumfuata nyuma. Katika miaka yake ya mwisho alishughulika zaidi na kuwafundisha na kuwaandaa wasichana wachezaji. Alifariki New York tarehe 11 Oktoba 1914 kwa ugonjwa wa figo.

Tumpime vipi?

Wapo watakaosema kwamba kazi yake yote ilijengwa juu ya msingi mbovu; kwamba michezo ile, hata ikiwa imeandikwa na watu weusi, iliwauzia Wazungu picha waliyoipenda, na kwamba fahari ya bustani ya mfalme haikumkomboa mtu hata mmoja. Hoja hii ina nguvu, na mwalimu asiifiche. Nyimbo za zama hizo zina maneno ambayo leo hayatamkiki darasani. Watazamaji weusi waliendelea kukalishwa roshani. Na Dahomey iliendelea kutawaliwa.

Hata hivyo sisi tunaona kwamba hoja hiyo haijamaliza maneno. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aida aliinama, lakini hakukubali kubaki ameinama. Alipopewa nafasi ya mwitikiaji alijifanya mtungaji wa ngoma. Alipoambiwa kuwa jukwaa ni mahali pa aibu aliandika na kujibu. Alipoletewa ngoma ya kutamanisha aliigeuza kuwa maigizo. Na alipoachiwa pengo la mumewe alilijaza, watu wapate riziki. Miaka saba baada ya kufa kwake, mchezo wa Shuffle Along wa mwaka 1921 ulifungua upya njia ya watu weusi katika Broadway, na katika mchezo huo Florence Mills alipata umaarufu wake. Huyo aliikuta njia imekwisha fyekwa, na aliyeifyeka hakuwa hai kuiona.

Kwa wenzetu walio madarasani tunapendekeza kisa hiki kitumiwe kwa mjadala, hasa pale wanafunzi wanapoandaa tamthilia yao wenyewe. Waulizwe hivi: mkipewa nafasi ya kuigiza mbele ya watu wanaowadharau, kwa sharti kwamba muigize kama wanavyowadhania, mtaikubali au mtaikataa? Na mkiikubali, mtabadilisha nini ndani yake kabla pazia halijashuka? Tumeona kwamba wanafunzi hugawanyika katika swali kama hili, na kila upande huleta hoja ambazo mwalimu hakuzitarajia. Waachwe wabishane, kwa Kiswahili sanifu. Na mwalimu atakapofunga mjadala, awakumbushe jambo moja la lugha: kwamba katika mchezo wa Abyssinia, watu walioamua kuipa Afrika heshima waliianzia kazi hiyo katika namna ya kumsemesha Mwafrika.